Jinsi ya Kushukuru kwa Dakika Mbili Bila Kumshukuru Mtu

Katibu wa klabu yako ya Rotary amekukumbusha saa tatu usiku: kesho mchana, kabla ya chakula, ni zamu yako ya kutoa tafakari. Ulisahau. Ratiba iko kwenye kundi la WhatsApp tangu mwezi uliopita na wewe mwenyewe uliiwekea dole gumba. Usihofu, ndugu yangu. Wengi wametangulia kwenye njia hii bila maandalizi yoyote, na wote walipigiwa makofi.

Kwanza uelewe unachotakiwa. Hukuombwa sala. Rotary haifungamani na dini wala chama cha siasa, na ukiangalia ukumbi wenu wa Dar es Salaam au Nairobi utaona sababu: kuna Mwislamu, Mkatoliki, Mlokole, Mhindu, Mwismaili, na yule mhasibu ambaye hajawahi kusema anaamini nini zaidi ya hesabu. Unachotakiwa ni dakika mbili za maneno kuhusu shukrani na huduma, yasiyomtaja Mungu wala kumuudhi yeyote. Watu huiona kazi hii ngumu. Mimi naiona nafuu kubwa. Kwenye sala kuna Mmoja anayesikiliza. Kwenye tafakari hakuna, wote wananusa pilau.

1. Anza na Chicago

Usipokuwa na la kusema, simulia historia. Sema kwamba tarehe 23 Februari 1905 wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu kwenye ofisi ya mmoja wao, mhandisi wa migodi Gustave Loehr, mjini Chicago. Wengine wawili walikuwa mwuza makaa ya mawe na mshona suti. Hapo shusha sauti, kaa kimya kidogo, kisha useme: "Watu wanne tu." Wanachama watatikisa vichwa kana kwamba hawajawahi kuisikia habari hiyo, ilhali waliisikia wiki mbili zilizopita kutoka kwa mwanachama aliyesahau zamu yake kama wewe.

Ishia hapo hapo. Ukiendelea utakutana na sehemu isiyofaa kwa hotuba. Wale mabwana wa mwanzo walikuwa wakitafuta urafiki, naam, lakini pia walikuwa wakipeana wateja, na klabu iliweka hesabu ya nani kamletea nani biashara. Huduma kwa jamii ilichelewa kidogo kufika. Wakili mwingine, Donald Carter, alipoalikwa kujiunga mwaka 1906, aliona wazi kwamba klabu inayojinufaisha yenyewe tu haina maisha marefu. Na mradi wa mwanzo wa kijamii wa klabu hiyo unaosimuliwa zaidi ni choo cha umma katikati ya mji.

Choo! Mimi naona hilo ndilo jambo la kujivunia kuliko yote, maana mtu aliyebanwa katikati ya mji hana haja ya kujua kaulimbiu ya aliyejenga. Lakini usithubutu kulisema. Watu wako karibu kula.

2. Shukuru vitu, usishukuru watu

Hili ndilo somo kubwa, kwa hiyo tulia hapa.

Shukuru jua. Shukuru mvua, ila usiishukuru wiki ambayo Jangwani imefurika. Shukuru afya njema, amani, hewa safi, "fursa hii adhimu ya kukutana". Vitu hivi vina sifa moja nzuri: havikuombi kitu baadaye. Ukimshukuru mtu kwa jina, wenzake wote waliomo ukumbini wamekwisha nuna, na huyo uliyemtaja atakupigia Jumatatu kuhusu mtoto wake anayetafuta kazi. Hewa haina mtoto.

Baada ya vitu, nenda kwa wasiojiweza, lakini kwa jumla. Sema: "Tunaposhiriki chakula hiki, tuwakumbuke wasio nacho." Angalia uzuri wa sentensi hiyo. Haisemi tuwape. Haisemi tuwaulize. Kukumbuka hakuhitaji stakabadhi wala kikao cha kamati ya fedha. Na ukishawakumbuka, pilau linashuka vizuri zaidi.

Sasa kuna hatari moja ambayo lazima nikutahadharishe nayo, nayo imesimama nyuma yako. Ni mhudumu wa hoteli. Ameshika sinia lenye glasi kumi na mbili za juisi ya ukwaju, amezuiwa na meneja asisogee mpaka umalize. Shati lake jeupe lina kola iliyogeuzwa na fundi, upande uliochakaa ukafichwa ndani. Kifundo cha mkono kimeanza kutetemeka, na glasi zimeanza kuambiana kitu kwa sauti ndogo. Ili awepo hapa kuandaa meza, alipanda daladala kabla hakujapambazuka. Kifuani ana beji yenye jina lake, herufi kubwa, inasomeka vizuri kutoka hapo ulipo.

Usigeuke. Ukigeuka utaisoma, na ukiisoma utashawishika kusema, "Leo tumshukuru huyu." Hapo utakuwa umeharibu shughuli nzima. Neno huduma limekaa salama kwenye bango ukutani miaka yote hii, limepakwa rangi ya bluu na dhahabu. Ukiliteremsha na kulikabidhi kwa mtu mwenye sinia, wanachama hawatajua waangalie wapi. Wengine wataweka simu chini. Kuna hata atakayesimama kumpokea glasi, na ratiba itavurugika.

Jambo dogo linalohusiana: usiwashukuru "akina mama waliotuandalia chakula". Chakula kimetoka jikoni kwa hoteli. Halafu Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1987 iliyowafungulia wanawake mlango, na mwaka 1989 Rotary ikaondoa kabisa sharti la kuwa mwanaume ili ujiunge. Mama aliyeketi meza kuu ndiye rais wa klabu, na ndiye mwenye kengele.

3. Nukuu ya mwenye hekima mmoja

Tafakari bila nukuu ni tangazo. Lakini usipoteze usiku ukitafuta. Sema, "Kama alivyosema mwenye hekima mmoja," kisha sema chochote. Ukimtaja Mwalimu au Mandela, kuna kijana mezani atakayetafuta simuni kabla hujakaa. Mwenye hekima mmoja hatafutiki, hana familia ya kulalamika, na ameshasema karibu kila kitu.

Methali nazo zina faida, ila uzipime. "Kutoa ni moyo, si utajiri" itumie siku ya kuchangisha. Itawafurahisha hasa wenye magari makubwa, kwa kuwa wataweza kutoa elfu kumi kwa moyo mkunjufu. Ila ikwepe "Tenda wema nenda zako". Hiyo ni methali ya hatari. Ikisemwa wiki moja kabla ya makabidhiano ya madawati, mwenyekiti wa mradi atakuuliza mbele ya watu: tukienda zetu, picha atapiga nani?

Na ana haki ya kuuliza, maana picha ndiyo mradi. Dawati limeandikwa jina la klabu mbele, ubavuni na chini ya kiti, ili hata likipinduliwa lisipoteze wafadhili wake. Kuna bango, kuna fulana, kuna hundi ya kadibodi yenye urefu wa mlango. Wanafunzi wamepangwa juani tangu saa tatu asubuhi kumsubiri mgeni rasmi aliyekwama kwenye foleni ya Mwenge. Akifika, atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataizingatia upya jina kwa jina. Mwalimu mkuu atatoa shukrani za dhati. Mtoto mmoja ataketishwa kwenye dawati, ataambiwa atabasamu, kisha ataambiwa ainuke ili wanachama nao wakae wapigwe picha. Ukiwa na methali inayomwambia mtu aende zake, utamkosesha yote haya.

4. Ukikwama, taja polio

Hii ni dawa ya uhakika. Hata mimi hapa napunguza utani, kwa kuwa jambo lenyewe ni kweli. Rotary ilianza kampeni yake kubwa dhidi ya polio mwaka 1985. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena maambukizi ya virusi vya asili vya ugonjwa huo. Kazi hiyo ilifanywa mlango kwa mlango na watu waliobeba kisanduku cha barafu begani, kijiji hadi kijiji: matone mawili mdomoni mwa mtoto, wino kwenye kidole kidogo, chaki mlangoni, wanaendelea. Wengi wao hawajawahi kuvaa pini ya klabu yoyote.

Wewe hukubeba kisanduku. Hukuchangia hata lile pakiti la barafu. Usijali, sema "sisi". "Sisi tuliitokomeza polio Afrika." Sentensi hiyo ina nafasi ya kila mtu, kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Ingia, shika bomba.

Na ukialikwa kwa jirani zenu wa klabu ya Lions, waliozaliwa Chicago hiyohiyo mwaka 1917, tumia hotuba ileile. Ondoa polio, weka macho. Helen Keller aliwaomba mwaka 1925 wawapiganie wasioona, nao hawajaacha tangu hapo. Badilisha pini ukiwa kwenye gari.

5. Maswali manne yaache ukutani

Kuna kipimo ambacho klabu nyingi hukisoma kwa pamoja. Kilitungwa na Herbert Taylor mwaka 1932, alipokabidhiwa kampuni ya vyombo vya jikoni vya alumini iliyokuwa ikielekea kufilisika. Kinauliza kama jambo ni la kweli, kama ni la haki kwa wote wanaohusika, kama litajenga urafiki, kama litawanufaisha wote. Kisome na wenzako kwa mwendo wa kawaida, yaani haraka. Usiipitishe tafakari yako humo. Haitavuka swali la kwanza.

6. Malizia kwa kimya

Ukiona maneno yamekuishia na bado una sekunde arobaini, usiseme yamekuishia. Sema: "Sasa tunyamaze kidogo, kila mmoja ashukuru kwa namna yake." Hakuna njia ya mkato kuipita hii. Kimya hakina makosa ya sarufi, hakibagui dini, na watu watasema ulikuwa mzito. Inamisha kichwa wewe kwanza. Fumba macho yote mawili, kisha fungua la kushoto uone kama mama rais ameshika nyundo ya kengele.

Usizidishe sekunde ishirini. Kimya kikirefuka, watu huanza kutafakari kweli. Mmoja atakumbuka kwamba shangazi aliyemlipia ada kidato cha tano yuko Tanga na hajampigia tangu Idi iliyopita. Mwingine atamkumbuka mlinzi wake. Wakifika huko, chakula hakitalika. Sema "Asanteni" kwa sauti ya kuamsha, ukae.

Kuna atakayekujia baadaye kuomba nakala. Mwambie hukuandika, yalikutoka tu moyoni. Karatasi itunze mfuko wa ndani wa koti kwa mwaka kesho, ambapo utabadilisha mvua kuwa jua. Na sajenti wa klabu akikupiga faini kwa kuvuka muda, usibishane. Toa elfu tano palepale, uinyanyue juu ionekane, na umwombe katibu aiandike kwenye muhtasari kama mchango wako kwa mradi wa kisima.