Namna ya Kuzika Diski Ingali Hai

Umepewa kazi ya kuandika draiva ya diski kwa ajili ya kerneli ya Linux. Hongera. Mambo ya kasi na foleni za maombi watakufundisha wengine. Mwongozo huu ni wa jambo moja tu, hesabu ya wanaokishikilia kifaa, na namna ya kuivuruga kwa ustadi.

Kwanza ujue unachokivuruga. Kila kifaa kina muundo wake kwenye memori, na ndani ya muundo huo mna tarakimu. Anayekihitaji kifaa huita get_device(), tarakimu inapanda. Akimaliza huita put_device(), inashuka. Ikigonga sifuri, release() huitwa na memori ikarudishwa. Ndiyo maana mtu huweza kuchomoa flashi huku faili lake likiwa bado wazi na mashine isianguke: chuma kimekwenda zake, muundo unabaki hadi aliyeshika wa mwisho aachie.

Sasa kazi ianze. Ita device_register(). Ikirudisha kosa, papo hapo ita kfree(). Si kifaa hakikusajiliwa? Maelezo yaliyoandikwa juu ya fanksheni hiyo yanakataza jambo hili waziwazi: hata ikishindwa, hesabu imekwisha kuanza, na njia ni put_device() tu. Usiyasome. Wengi waliokutangulia hawakuyasoma, na viraka vya kosa hilihili vimekuwa vikitumwa miaka nenda miaka rudi.

Halafu kuna kitanzi cha shost_for_each_device(), kinachopita kwenye diski zote za adapta moja ya SCSI. Kina adabu kuliko sisi: kila kinapokupa diski kimekwisha kukushikia, na ukisogea kwenye inayofuata kinaiachia ya nyuma. Wewe ukiiona diski uliyokuwa ukiitafuta, andika break na uondoke kifua mbele. Ile scsi_device_put() iliyotakiwa hapo waachie wenye nafasi. Diski hiyo haitakufa tena. Na kwa kuwa kuishika diski ya SCSI ni kuishika pia moduli ya draiva, mwenye mashine akijaribu kuiondoa kwa rmmod ataambiwa moduli inatumika. Inatumiwa na nani? Na mtu aliyekwisha kuondoka.

Lakini uvujaji, kwa maoni yangu, ni dhambi ya wanagenzi: memori kidogo inapotea, basi. Fundi hupiga put mbili kwa get moja. Memori inarudishwa mapema, anapewa mwingine, na draiva yako inaendelea kuandika mle kana kwamba ni kwake. Kwenye mashine yako kila kitu kitakwenda vizuri. Kwenye mashine ya mteja, anguko litatokea mbali, pengine katika msimbo wa mtandao, na watu wa mtandao ndio watakaokesha.

Wapo wanaotuharibia starehe. Mwaka 2017, katika toleo la 4.11, iliingia refcount_t, hesabu isiyokubali kupinduka: ikizidi kiwango inaganda, na inapiga kelele kwenye dmesg. Chanzo cha woga wao kinaeleweka. Januari 2016 ilitangazwa CVE-2016-0728, dosari ya hifadhi ya funguo ya kerneli: put moja iliyosahauliwa ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuipandisha hesabu ya biti 32 zaidi ya mara bilioni 4, ikapinduka hadi sifuri, naye akajitwalia mamlaka ya root. Si diski, ila ukoo ni ule ule.

Kerneli ikikulalamikia kwamba kifaa chako hakina release(), andika iliyo tupu, mabano mawili bila kitu kati, nayo itanyamaza. Hati rasmi ya kobject, kiini kinachobeba hesabu hii ndani ya kila kifaa, iliwahi kuahidi kwamba anayefanya hivyo atadhihakiwa bila huruma na msimamizi, lakini dhihaka haijawahi kuangusha seva.

Kitu cha kuogopa ni CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE. Chaguo hili huichelewesha release() sekunde chache kwa makusudi, ili aliyedhani memori imerudi mara tu baada ya put aumbuke hadharani. Liache limezimwa. Tena haliwashwi kwa draiva moja, linagusa kerneli nzima. Kwa hiyo likikufika, angalau utaumbuka pamoja na majirani.