Bahari Ina Ratiba Yake

Hivi nani alisema ufukweni watu wanakwenda kupumzika? Mnitajie nikamdai nauli.

Mama watoto kaamua mwaka huu na sisi tuwe watu wa Mbudya. Kisiwa kiko pua na mdomo, boti unapandia Kunduchi, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na mimi wa Temeke ndio kwanza nasikia. Haya, twende. Lini sasa? Hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Januari, kaskazi, bahari shwari. Nikavua shati. Mtu mweusi mimi, jua litanifanya nini? Usiku nalala kifudifudi, mabega yanabanduka, mama watoto ananipaka mshubiri huku anamsimulia jirani dirishani.

Aprili, masika. Nahodha katazama mawingu, kakataa. Nikasema basi nioge hapahapa. Vijana wakanionyesha maji ya kahawia: mvua ikinyesha, mito ya mjini yote inamwagia baharini. Nikabisha. Ikapita pampasi, taratibu, imefura. Sikubisha tena.

Julai, kusi, upepo mpaka kofia inaaga. Kila mtu kachukua jaketi okozi, langu likabaki la mtoto, lina katuni ya bata. Kamba hazifiki kifuani. Boti inaruka, supu ya asubuhi nayo inaruka, ikatua kwenye mkoba wa dada nisiyemjua. Wacha niyapite hayo.

Tumefika, maji yako kuleee. Nikaweka raba zangu mpya mchangani, nikalala chini ya mvinje. Kuamka jioni, raba zinaelea. Mkaanga samaki ananiambia, "Baba, si leo bamvua?" Eti mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mimi najua kinachochelewa ni daladala! Mwezi na raba zangu wanajuana wapi?

Nikazifuata pekupeku upande wa mawe. Nikamkanyaga yule mdudu mweusi wa miiba mirefu. Yowe nililopiga, Kunduchi walisikia.

"Usiikamue, itakatikia ndani!" Mkaanga samaki huyo, tena ndiye daktari. Akaniketisha nyuma ya jiko, mguu kwenye beseni la maji ya moto, vitunguu bado vinaelea. Watoto wa wenyewe wakajipanga kutazama. Mmoja akauliza, "Mama, huyu naye anapikwa?" Mama yake akamwambia asinyooshee wazee kidole. Wazee! Na jaketi la bata bado niko nalo shingoni, fundo limegoma.

Mama watoto yeye anakula pweza, anapiga picha, anasema Novemba upepo unatulia, turudi.

Bili ikaja. Samaki, chipsi, soda, pweza. Chini kabisa, kwa peni nyingine: maji ya moto, buku mbili.