Namna ya Kufufua Altezza Iliyochoka kwa Hila za Heshima

Najua kwa nini ulinunua Altezza. Hukuinunua kwa ajili ya kwenda kazini, bajaji ingekufikisha. Uliinunua kwa sababu ya ile dashibodi iliyobuniwa kwa mfano wa saa ya mkononi, mshale wa spidi umezungukwa na visaa vidogo, na kwa sababu ya zile taa za nyuma zilizoigwa dunia nzima mpaka zikaitwa kwa jina la gari lenyewe. Toyota walianza kuiuza mwaka 1998, na msimu huohuo ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini Japani. Leo Kenya wasingeiruhusu kuingia, maana gari lililozidi miaka 8 hawalipokei. Sisi tunalipokea: linalipiwa ushuru wa uchakavu, linafungwa namba, linaletwa Mwanza. Hapa penye mawe ndipo linapoanza kulalamika.

Kwenye rasta linagonga kong'o-kong'o. Kwenye tuta linapiga tumbo. Ukishika breki usukani unavuta upande, na abiria wako anakutazama bila kusema neno. Kunyamaza kwake kunauma.

Usiwe na wasiwasi. Fuata hatua hizi naye ataamini umemwaga mamilioni chini ya gari. Tutamdanganya abiria peke yake, tafadhali. Mnunuzi mwambie kila kitu, kwa sababu atapakia watoto wake humo.

1. Chagua njia kabla ya kuchagua spea

Mgeni wako mpokee uwanja wa ndege, mpitishe Pasiansi na Kirumba kwenye lami, mshushe Capri Point aone ziwa. Usimpandishe kwenye barabara za mawe za vilimani, hata kama ndiko unakoishi. Mwambie mtakwenda kesho. Akitaka kuona kitu kikubwa, mpeleke daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, ni kilomita 3 za kuteleza juu ya maji, na hapo hata shokapu iliyokufa inaonekana nzima.

Tatizo ni matuta ya njiani, kupitia Buhongwa mpaka Usagara. Dawa yake haigharimu hata shilingi: shika breki mapema, kisha iachie kabisa kabla tairi halijagusa tuta. Ukivuka huku umekanyaga breki, pua ya gari imeshainama na springi imeshabanwa, kwa hiyo pigo lote linakwenda kwenye bodi. Ukiachia, pua inainuka na springi inapata nafasi ya kufanya kazi. Madereva wengi wana leseni ya miaka mingi na hili hawalijui.

2. Nunua ukimya kwanza

Ile kong'o-kong'o inayokuaibisha, mara nyingi haitoki kwenye kitu cha hatari. Inatoka kwenye stabilaiza linki na zile bush mbili zinazoshika fimbo ya stabilaiza. Ni spea ndogo, fundi anazifunga kabla chai haijapoa, na gari linanyamaza. Kwa kila shilingi utakayotoa, hakuna mahali pengine utapata sifa nyingi kiasi hiki. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, basi kiwe hiki.

3. Vua majivuno ya rimu kidogo

Najua hutaki kusikia. Rimu 17 zenye tairi la 215/45 zinapendeza, lakini ukuta wa mpira kutoka rimu mpaka barabarani ni kama milimita 97 tu. Weka rimu 16 na tairi la 205/55, ukuta unakuwa milimita 113, na kimo cha tairi zima hakibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Hizo milimita 16 za hewa na mpira ndizo shokapu mpya za maskini. Abiria atasema, "Siku hizi gari lako laini," nawe utaitika tu, "Nimelishughulikia." Zile 17 zitunze kwa ajili ya harusi.

4. Usikate springi

Rafiki yako atakushauri ukate mkunjo mmoja gari likae chini kama la mashindano. Springi iliyokatwa ni ngumu zaidi na ina nafasi ndogo ya kushuka, kwa hiyo kila shimo linaishia kwenye kizuizi cha shokapu. Mkumbushe kwamba Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, gari lile lilikuwa limenyanyuliwa, halikushushwa. Kama anataka uonekane mtu wa mashindano, nunueni kopo la rangi nyekundu. Vua matairi, sugua springi kwa brashi ya waya, zipake rangi. Zinaonekana vizuri kupitia katikati ya rimu, na vijana wanaoosha gari watauliza umeagiza kutoka wapi.

5. Mtumba: chuma ndiyo, mpira hapana

Hapa wengi tunaibiwa tukiwa tunatabasamu. Muuzaji anakupa wishiboni ya Japani, imesafishwa mpaka inang'aa, bush zake hazina ufa. Hesabu naye taratibu: Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Hiyo bush "safi" imetimiza miaka 20, na mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Chukua chuma kwa bei ya chuma, kisha weka bush mpya.

Shokapu za mtumba zina kipimo chake. Kama ni ya gesi, isimamishe, sukuma fimbo mpaka chini, achia. Ikirudi juu yenyewe polepole, gesi ipo. Ikibaki chini, au ukikuta mafuta yamelowesha shingo, mrudishie kwa upole. Na usinunue moja. Shokapu zinabadilishwa mbili-mbili, kushoto na kulia, la sivyo gari litakuwa na tabia mbili kwenye kona moja.

Dokezo la pembeni: gari hilihili Ulaya liliuzwa kwa jina la Lexus IS 200. Ukitafuta spea kwa simu kutoka Kariakoo, taja majina yote mawili, lakini bei uliza kwanza kwa jina la Altezza. Kabla mzigo haujasafiri zaidi ya kilomita 1,100 mpaka stendi ya Nyegezi, omba picha ya namba iliyogongwa kwenye kifaa.

6. Kaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake

Nakuomba usome hatua hii kwa makini, kwa sababu ndiyo inayofanya bush mpya zife kabla ya mwaka.

Bush ya wishiboni ni mpira ulioshikamana na bomba mbili za chuma, moja nje na moja ndani. Ile ya ndani ikishakazwa na bolti haizunguki tena. Gari likipanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojinyonga na kujinyoosha. Sasa mtazame fundi mwenye haraka: gari liko juu ya jeki, tairi linaning'inia, wishiboni imeelekea chini, naye anakaza bolti mpaka mwisho. Gari likishushwa, wishiboni inapanda na mpira unajinyonga papo hapo, hata kabla hujawasha injini. Utaendesha hivyo kila siku mpira ukiwa umenyongwa, na kila tuta linauongezea. Mpira utachanika, kisha wewe utasema bush zilikuwa feki.

Dawa ni ya bure. Mwambie fundi, "Kaka, tia bolti zote, lakini usikaze." Shusheni gari lisimame kwa matairi juu ya mbao nene ili apate nafasi ya kupita chini. Litikiseni mara kadhaa likae linavyokaa barabarani. Ndipo akaze. Akikataa kwa kuwa "sisi tumezoea," kaa naye, mnunulie soda, mbembeleze. Mafundi wengi wa gereji zetu wana mikono ya ajabu, wanachokosa ni mteja mwenye subira ya nusu saa.

Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililowekwa juu ya tofali. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa.

7. Rangi ya kucha

Kabla tairodi endi haijafunguliwa, omba rangi ya kucha kwa dada au mke wako, weka alama mahali nati ilipokaa, na hesabu mizunguko fundi anapoitoa. Mpya ifungwe kwa idadi ileile. Utafika kwenye alaimenti bila kula matairi njiani. Alaimenti ni ya mwisho kabisa, baada ya kila kitu, na hiyo uilipie.

8. Mahali ambapo hila zinakoma

Boljointi ya chini. Altezza ina wishiboni mbili kila upande, juu na chini, na uzito wa mbele unabebwa na ile ya chini. Wenye magari haya wanaijua boljointi hiyo kwa uchakavu wake. Ikichomoka, gurudumu linalala nje na usukani unabaki mkononi mwako bila kazi. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haiizuii kuchomoka.

Hapa hakuna mtumba, hakuna kuchomelea, hakuna kuingiza kipande cha bati ibane. Nunua mpya, nzuri, mbili. Kama pesa haitoshi, rudisha zile shokapu, ahirisha rangi ya springi, panda daladala wiki mbili.

Kuipima ni rahisi. Weka jeki chini ya wishiboni ya chini, karibu na tairi, ili boljointi isibebe uzito. Inua mpaka tairi liachane na ardhi. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua kidogo huku mwenzako akitazama kiungio. Chuma kikicheza mbele ya macho yake, umepata jibu. Ukishamaliza, shika tairi kushoto na kulia, utikise tena. Likicheza hapo, chunguza tairodi endi.

Fanya hivyo Jumamosi hii, kabla ya kupeleka gari kuoshwa. Boljointi ikicheza, liache hapo lilipo na umwite fundi aje nyumbani.