Jinsi ya Kumkamua Bwana Shamba

Tangazo likishabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata kwamba Jumatano saa tatu asubuhi kutakuwa na mafunzo ya kilimo bora cha mahindi, swali la kwanza kijijini huwa moja: kuna posho? La pili: kuna chakula? Atakayeuliza kama mafunzo hayo yatagusa mahindi yake yaliyomalizwa na viwavi msimu uliopita hutafutwa kwa tochi.

Mwongozo huu ni wa huyo anayetafutwa kwa tochi. Bwana shamba ni mali yako. Mshahara wake unatoka kwenye kodi unayolipa kila unaponunua sukari, na kichwani mwake mna elimu aliyoisotea Uyole, Ilonga, Ukiriguru au Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Kazi yako siku ya mafunzo ni kumkamua mpaka tone la mwisho, arudi kwake akiwa hoi na wewe ukiwa umeshiba.

Anza kabla ya siku yenyewe. Tazama tangazo, kisha tazama mawingu. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mahindi hayana habari nao. Fedha zikichelewa kufika halmashauri, mafunzo ya nafasi za kupandia hufika mbegu ikiwa imeshaota, na mafunzo ya kuhifadhi nafaka hufika ghala likiwa tupu. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji mapema na umwambie kalenda yako bila kumung'unya maneno. Kama unaishi Dodoma, Singida, Mbeya au Ruvuma, kwenye mvua za msimu mmoja, nafasi na mbolea ya kupandia zifundishwe kabla ya Novemba kuisha. Kama uko kwenye vuli na masika, dai mafunzo mara mbili. Wadudu wafundishwe mahindi yakiwa magotini. Uhifadhi ufundishwe mahindi yakiwa bado yamesimama shambani. Na siku ikiangukia gulio, mweleze mtendaji kwamba bwana shamba atakuja kuhutubia viti.

La pili ni kuamua nani aende, na hapa ndipo kaya nyingi hupoteza mafunzo kabla hayajaanza. Anayepaswa kwenda ni yule anayeshika jembe. Katika nyumba nyingi huyo ni mama. Yeye ndiye aliyechagua mbegu ya kubakiza, yeye ndiye anayepalilia, yeye ndiye anayejua kona ipi ya shamba hutuamisha maji. Lakini jina linaloandikwa kwenye fomu ya mahudhurio ni la baba, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa kaya, naye akirudi jioni ukimuuliza wamefundishwa nini atakujibu: "Kilimo bora." Baba, kaa nyumbani na watoto. Na kama saa tatu asubuhi akina mama wako kisimani, saa ibadilishwe, iwe saa nane mchana. Mwenye mtoto mgongoni aje naye. Mtoto akilia bwana shamba aongeze sauti, hilo analiweza.

Ukifika ukumbini ukakuta bango kitita limesimamishwa na viti vimepangwa, fanya uchokozi wa kwanza. Nyoosha mkono, salimia kwa adabu, kisha omba mafunzo yahamie shambani. Rudia ombi hilo mpaka mtu aguswe. Huo si ukaidi, kuna historia nyuma yake. Mwaka 1989, huko Indonesia, mpunga ulikuwa unamalizwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina, na kadiri wakulima walivyopulizia sumu ndivyo mdudu alivyozidi, kwa sababu sumu iliua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na Serikali ya huko wakaacha kuhutubia. Wakawaketisha wakulima kwenye majaruba, kila wiki, msimu mzima, wahesabu wenyewe: wadudu waharibifu wangapi, wadudu rafiki wangapi, je, leo kuna haja ya kupulizia? Wakulima walipoona kwa macho yao, wengi waliweka bomba chini. Njia hiyo ndiyo iliyotufikia Afrika Mashariki miaka ya 1990, na ndiyo tunayoiita shamba darasa.

Zingatia maneno mawili hapo juu: kila wiki. Shamba darasa haliwi darasa kwa kutembelewa mara moja, watu wakapigwa picha mbele ya kibao kilichochorwa nembo ya mfadhili. Kundi la watu 20 hadi 30 hukutana kwenye kipande kile kile kuanzia kupanda hadi kuvuna. Sehemu moja hulimwa kwa desturi ya kijiji, nyingine kwa njia mpya, na mwishoni mizani ndiyo inayoamua. Bwana shamba akikuambia hana nafasi ya kuja kila wiki, mkubalie, kisha mwambie ninyi mtakutana hata asipokuwepo, yeye apange wiki za kuja. Hapo hana pa kutokea.

Sasa tuingie kwenye kukamua kwenyewe. Usiende mikono mitupu. Chukua kamba, rula au tepu ya fundi, chupa tupu yenye kifuniko, daftari na ugonjwa. Naam, ugonjwa: jani lililotobolewa, mzizi uliooza, kiwavi akiwa hai ndani ya chupa iliyofungwa. Mtaalamu anaweza kuongea saa nzima juu ya wadudu kwa ujumla, lakini ukimwekea kiwavi mezani analazimika kuongea juu ya kiwavi huyo. Muulize: huyu ni kiwavijeshi vamizi au ni yule bungua wetu wa zamani? Kama anajua kazi yake atakuonyesha alama ya herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la kiwavi, na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia. Mdudu huyo asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata alikuwa ameshaingia mashambani Tanzania. Mchana hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, ndiyo maana anayepulizia saa saba anapoteza fedha. Dawa ipigwe asubuhi na mapema au jioni, ielekezwe kwenye moyo wa mmea, kiwavi akiwa bado mdogo. Akishakuwa mkubwa amejifukia na kinyesi chake kimeziba njia.

Na usikubali jibu la "tumia dawa." Dawa gani? Kiambato chake kipi? Vizibo vingapi kwa bomba la lita 15 au 20? Nikishapulizia nisubiri siku ngapi kabla ya kula au kuuza? Imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu? Ukiuliza maswali hayo mfululizo, watu watakutazama. Watazame nao.

Kamba ina kazi yake. Utaambiwa nafasi ya mahindi ni sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Usiandike tu. Mwombe afunge mafundo kwenye kamba yako hapo hapo, mbele ya watu, kwa rula. Halafu mpe hesabu: ekari moja ni kama meta za mraba 4,047, mashina yatakuwa mangapi? Jibu ni karibu 18,000. Sasa mwulize swali la mtu mwenye mgongo: je, nikichimba kila sentimeta 60 na kuweka mbegu mbili? Mashina yanabaki yale yale, mashimo yanapungua nusu, kutoka 18,000 hadi 9,000. Hilo mwenye jembe halihitaji kufafanuliwa, lakini mara nyingi halitajwi mpaka mtu aulize.

Kuhusu udongo, mdai akufundishe kuchukua sampuli, maana kushauri mbolea bila kupima udongo ni kubahatisha kwa fedha za mwenzako. Utembee shambani kwa kupinda pinda, uchimbe sehemu kama 15 kwa kina cha sentimeta 20, uchanganye kwenye ndoo safi na ubakize nusu kilo. Ruka palipokuwa zizi, palipochomwa takataka na kichuguu. Kama halmashauri yenu haina kifaa cha kupimia, aulizwe namna ya kufikisha sampuli kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Mlingano, Tanga, ambako udongo ndiyo kazi yao.

Ukiona kofia na fulana za kampuni ya mbegu zinagawiwa mlangoni, vaa, jua ni kali. Kisha uliza mbele ya wote: mbegu nyingine zinazofaa kwa mwinuko wetu ni zipi, na zimekaguliwa na TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu? Mkulima ana haki ya kusikia zaidi ya jina moja.

Posho nayo tuiseme wazi. Aliyetembea kilomita tisa akaacha palizi yake anastahili nauli na chakula, na kumnyima ni dhuluma. Lakini saini ni yako peke yako. Usimsainie jirani ambaye hakuja, kwa sababu fomu hiyo ndiyo itakayopelekwa juu kuthibitisha kwamba kijiji chenu kimeshaelimika, na mwakani hamtaletewa kitu.

Kuna somo moja ambalo hupaswi kumwachia bwana shamba aondoke bila kulitoa, hata giza liingie. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu; kuipika hakuiondoi. Mahindi yanatakiwa yakauke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kuhifadhiwa. Hapo toa ile chupa tupu. Iwe kavu kabisa, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi; yaongezee jua kidogo yafike 13. Ni jaribio la chumvi ya jikoni, linaokoa watoto, na lifanyike mbele ya kila mtu aliyehudhuria, sio kuchorwa kwenye bango kitita. Yaanikwe juu ya turubai, kamwe yasianikwe chini kwenye vumbi.

Bwana shamba naye ni binadamu. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na kweli wengi sasa wanafika vijijini ambako zamani walisikika kwa jina tu. Lakini pikipiki haiendi kwa maji, na afisa mmoja bado anabeba vijiji kadhaa. Basi mfanyie wema wenye mtego: mwalike aegeshe chini ya mwembe wako, mpe maji na muhogo. Njia ya kuifuata pikipiki ipite katikati ya shamba lako. Hatapita bila kuinama kutazama.

Agosti ikifika, usikose maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kama nauli ipo, iwe Nzuguni kule Dodoma, John Mwakangale kule Mbeya au Morogoro. Nenda siku za mwanzo. Tarehe 8 yenyewe ni ya hotuba na msongamano. Ruka mabanda ya sofa na sufuria, nyoosha kwenye vipando, na ukae na yule kijana aliyevimwagilia tangu vilipooteshwa. Ana mengi kuliko kipeperushi.

Ukirudi kutoka kwenye mafunzo yoyote, jaribu ulichofundishwa kwenye robo ekari, kando ya njia yako ya zamani, na mavuno uyapime kwa debe lile lile. Kikikushinda, mpelekee bwana shamba matokeo hayo. Kikikubali, mpelekee pia, na waonyeshe majirani.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ujao ukiitishwa, nenda, nyoosha mkono, uliza ratiba ya mafunzo ya msimu unaokuja, na usiketi mpaka uambiwe tarehe.