Jinsi ya kumlisha mwanao sumu bila kutoka uani

Ukitaka kumlisha mwanao sumu, huna haja ya kwenda mbali. Itoe stoo ile TV ya chogo, itue uani, kisha mwachie kijana wa vyuma chakavu aipige nyundo, achukue koili ya shaba na kukuachia maganda. Kioo kilichojificha ndani ya lile chogo kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi. TV moja yaweza kubeba kilo nzima na zaidi. Kioo cha mbele nacho kimepakwa unga laini kwa ndani. Nyundo ikishapita, unga unapeperuka, vipande vinazama mchangani, na mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Inadumaza akili ya mtoto, na akili iliyopotea hivyo hairudi.

Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya TV ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Ving'amuzi viliziokoa chogo kwa muda, kisha flati zikashuka bei. Kwa hiyo nyundo hizo bado zina kazi.

Ukitaka na majirani wapate fungu lao, choma nyaya. Kipande cha tairi cha kuwashia, kiberiti, basi. Plastiki inatokota na kudondosha matone ya moto, moshi mweusi unapanda juu ya mabati ya nyumba za watu, mwisho inabaki shaba imefunikwa masizi. Plastiki ya nyaya nyingi ni PVC, ambayo ina klorini. Ikiungua hutoa sumu ziitwazo dioksini, na shaba yenyewe huchochea zitoke kwa wingi. Dioksini hutua ardhini, kuku wa kienyeji huzidonoa, zikahamia kwenye kiini cha yai. Ripoti ya mwaka 2019 kuhusu mayai ya kuku wa Agbogbloshie, walikokuwa wakichoma nyaya jijini Accra, ilionyesha kwamba mtu mzima akila yai moja tu anapita mara 220 kiwango cha dioksini kinachovumilika kwa siku kwa vipimo vya Ulaya. Yai moja! Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana mchomaji hapati hata faida: shaba iliyochunwa kwa kisu hung'aa, na kwenye mizani ya skrapa ina bei nzuri kuliko iliyoungua.

Mtaa mzima je? Yeyusha betri za gari, za sola na za UPS. Mombasa wanalijua hilo. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya mtaa wa Owino Uhuru kiliwaachia wakazi risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, alianza mapambano baada ya mwanawe kuugua. Alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Sasa fanya kinyume cha hayo yote, nakusihi. TV itoke nyumbani ikiwa nzima, iende kwa fundi au kwa anayekusanya vifaa vibovu bila kuvivunja. Kwa kurejeleza taka za umeme, Nairobi kuna kituo cha WEEE, Rwanda kuna kiwanda cha Bugesera. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na godoro, mpaka upate pa kuipeleka. Bodi za ndani ya vifaa usimpe mtu wa kuziloweka kwenye tindikali nyuma ya nyumba ili apate dhahabu kiduchu. Tindikali ile ikimwagwa hufika kisimani.

Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi za umeme mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mzigo huo si wa kumtwika kijana wa mkokoteni. Aliyetengeneza na aliyeingiza walipie. Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka za umeme za kila aina zisivushwe mpaka nchi inayopokea iridhie kwanza, lakini kontena likiandikwa "mtumba" linaweza kupenya. Kwa hiyo ukienda kununua flati au kompyuta ya mtumba, dai iwashwe mbele yako, iachwe iwake kwa muda, na isipowaka mwachie mwenye duka.