Ndege-Tembo wa Bukini: Mambo 6 Yanayoishinda Hekaya

Sindbad wa Alfu Lela Ulela alikutana na Rukh, ndege jitu. Marco Polo naye alisimulia kwamba huko pande za Madagaska Rukh hunyanyua tembo mzima. Sasa msikie ndege wa kweli wa kisiwa hicho, Bukini ya mabaharia wetu wa zamani, kisha useme nani mkali. Tunaanza na la sita, tukishuka hadi la kwanza.

6. Alijibeba mwenyewe
Ndege-tembo huyo, Aepyornis, alisimama karibu mita 3, na wakubwa wao walipita kilo 500. Mabawa? Vijibawa tu. Rukh alibeba tembo. Huyu alibeba tumbo lake, na kazi hiyo ilimtosha.

5. Ndugu yake ni kibwana mdogo
Ungedhani ni mbuni, maana Afrika ipo hapo ng'ambo tu. Wapi! Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2014 ulimtaja kiwi wa New Zealand, ndege wa kimo cha kuku. Siku ya picha ya ukoo, kiwi apande meza, na bado atafika tumboni.

4. Alikesha
Mafuvu yaliyochunguzwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo yaelekea alitembea usiku. Aliyekaa msituni alijaliwa kunusa pia: tunda lililoiva halikuwa na pa kujificha. Kivuli cha Rukh kilifunika jua; cha huyu kilisubiri mbalamwezi.

3. Aliwakwepa wawindaji
Étienne de Flacourt, gavana Mfaransa kusini mwa kisiwa, aliandika katika karne ya 17 habari za ndege mkubwa atagaye mayai kama ya mbuni, anayetafuta mahali pasipo watu ili asikamatwe. Kujificha na mwili ule? Mpeni maua yake!

2. Yai lake, bahari na mawimbi
Lilifika sentimita 30 kwa urefu na kubeba zaidi ya lita 8, sawa na mayai 150 hivi ya kuku. Mpishi wa chipsi mayai angefunga hesabu ya siku kwa yai moja. Vipande vya maganda bado vimetapakaa fukwe za kusini mwa kisiwa. Mayai mawili yameokotwa hadi magharibi mwa Australia, na inaaminika yalipelekwa na maji. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa; hili fundi wake ni ndege.

1. Alipanda misitu
Hapa ndipo Rukh anaposalimu amri. Wanasayansi wanaona kwamba ndege-tembo alimeza matunda makubwa na kuzidondosha mbegu mbali, mbolea ikiwemo. Mkulima wa zamu ya usiku, bila jembe wala mshahara! Kisha watu walimwinda, wakachukua mayai yake, wakachoma misitu kupata malisho. Inakadiriwa kwamba alitoweka kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, ingawa habari za Flacourt zinawafanya wengine wadhani wachache walibaki baadaye, na matunda ya namna hiyo yakakosa koo la kuyameza.

Leo kazi ya kusambaza mbegu inafanywa kwa kiasi kikubwa na lemuri, jamaa wa mbali wa kima, nao wanawindwa na misitu yao inakatwa. Mnaompenda ndege-tembo, wateteeni lemuri: hao bado tunaweza kuwaokoa.