Jinsi ya Kumtofautisha Kindi na Mwerebi

Anza na kitenzi. Kindi hupanda, mwerebi hupandwa. Tena mwerebi hupandwa mara mbili, kwanza na mkulima, kisha na mnyama yeyote anayetaka kuona ng'ambo ya mto.

Kitenzi kikikutatiza, hesabu vidole. Kindi ana vinne mbele na vitano nyuma, mwerebi hauna hata kimoja. Halafu subiri ashuke. Paka hushuka mtini kinyumenyume; kindi hutanguliza kichwa, maana nyayo zake za nyuma hugeuka na kucha zikang'ang'ania gome. Mwerebi haushuki. Ukate tawi, ulichomeke kwenye tope, litatoa mizizi. Kindi usimjaribu hivyo.

Kwa jinsia utakwama: mierebi nayo ina dume na jike, kila mmoja na shina lake.

Sisi wa Kisangani wengi tumeujua mwerebi kwa kitabu cha Isaya. Mwerebi wa Afrika huota kandokando ya mito, toka Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Kindi hahitaji Isaya. Nenda msitu wa Masako, njia ya zamani ya Buta, asubuhi, utamsikia kabla hujamwona.

Ila kipimo kikubwa ni homa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Gome la mwerebi lina salisini. Kutoka humo wanakemia walifika kwenye aspirini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1899. Mwerebi hutuliza homa. Kindi anaweza kuileta. Mwaka 1985, kaskazini mwa Zaire, kirusi cha mpox kilipatikana kwa kindi mgonjwa wa porini, Funisciurus anerythrus, na aina hiyo inaishi kwenye misitu yetu ya Tshopo. Kwa hiyo mama unayeuza nyama ya pori, na wewe baba mwenye mitego: kindi uliyemkuta amekufa njiani, au anayepepesuka bila kukimbia, usimwokote, usimchune, na watoto wasimchezee.

Ukibaki na shaka, jani lipeleke Yangambi, kama kilomita 100 kuteremka na mto, kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Mnyama mwache alipo. Waite watafiti wa Kituo cha Uangalizi wa Bayoanuwai cha Chuo Kikuu, wako hapahapa mjini.